Kete nne alizoziachia fundi saa

Saa mbili asubuhi kwa saa moja ya ukutani, saa tano na robo kwa ile iliyo pembeni yake. Fundi saa hazijali. Ameinamia meza isiyozidi upana wa mlango, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, anafuta vumbi ndani ya saa ya mkono kwa brashi yenye nywele chache kama kichwa chake.

Karibu na goti lake kuna kigoda kitupu. Juu yake ameweka gazeti ili mteja asikikalie.

"Hicho cha shemeji," anasema bila kuinua kichwa. "Mwezi wa nane huu hajakikalia."

Kwa miaka kumi na tisa, kaka wa mkewe, mchomeleaji wa milango ya chuma, alikuwa akifika hapa kila adhuhuri wacheze sataranji. Alishindwa siku zote, wala hakuchoka. Kilichowatenganisha si ugomvi. Ni maneno machache yaliyochapwa kwenye kasha.

Kasha hilo ni la mashine ya sataranji, ubao wenye kioo kidogo kinachoonyesha kete ipi isogezwe. Limeandikwa hivi: "Imemshinda bingwa wa mji. Haikosei kamwe." Bingwa anayetajwa ni fundi saa.

"Bingwa gani?" anacheka kidogo. "Nilishinda mashindano ya maktaba. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na wawili walikuwa na homa."

Mwaka jana muuzaji wa mashine hiyo alimfuata dukani akaomba ipambane naye. Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu, na fundi akipata kazi tatu kwa siku hushukuru. Kuitwa bingwa mbele ya wateja kulimvimbisha kichwa. Akakubali.

Mezani kwake kuna desturi moja: mgeni akikosea, huruhusiwa kurudisha kete. Mashine ilipomwacha malkia wake yenyewe aliwe bure, muuzaji alisema amesoma kioo vibaya, akabonyeza kitufe, akaomba arudishe. Fundi akamjibu, "Rudisha tu." Ikawa hivyo mara nne.

"Mara ya kwanza nilimwamini. Ya pili nikaingiwa na shaka. Ya tatu nilijua. Ya nne niliona haya kusema," anaeleza. "Mwisho nikafungwa, nikaletewa karatasi ya matokeo, nikatia sahihi. Habari za kurudisha hazikuandikwa popote."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembezwa kwa jina la fundi. Baadaye mteja alimletea mashine ya aina hiyohiyo aunge waya. Alicheza nayo mara tatu bila kuionea huruma, akaishinda zote.

"Si mbovu. Inacheza kama mtu aliyesoma kitabu akakiacha katikati. Lakini eti haikosei? Hata saa zangu hizi zinakosea, ila haziringi."

Shemeji hakuyajua hayo. Alinunua mashine yake, akaja kuaga. "Nisikusumbue tena, shemeji," alimwambia. "Acha nikajifunze kwa huyo aliyekutia adabu." Fundi alifungua kinywa aseme ukweli, akakifunga. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Mwandishi wa makala haya alimkuta mchomeleaji nyumbani kwake, mashine ikiwa juu ya meza ya chakula, sahani zimesogezwa pembeni. Alikiri kuwa amewahi kuishinda mara mbili.

Alifurahi?

"Nifurahie nini?" alijibu. "Imeandikwa haikosei. Nikajua betri zimeisha, nikaenda kununua mpya. Tangu hapo inanichapa tu. Sasa kwa shemeji nirudi na uso gani?"

Fundi saa anaposimuliwa habari ya betri, anavua lenzi na kuiweka mezani. Saa za ukutani zinagonga, kila moja kwa wakati wake.

"Miaka kumi na tisa nimengoja mtu huyu ashinde," anasema hatimaye. "Kashinda, na mimi ndiye niliyemfanya asijue."

Majuto ni mjukuu, na huyu wa fundi amekuja na mizigo yake yote. Jumapili anakusudia kufunga duka, atie ubao wake kwapani, aende kwa shemeji kumweleza yote kabla hajayasoma gazetini. Mkewe ameshamwonya asipeleke maneno mengi, maana kaka yake hapendi hotuba.

Anachukua tena saa aliyokuwa akiisafisha, kisha anaiweka chini bila kuigusa kwa brashi.

"Huko mgeni nitakuwa mimi," anasema. "Sijui kama ataniruhusu kurudisha."