Mpaka Ambao Recheli Aliuombea

Kwa miezi tisa, mtaani kwetu Itetemia alikuwapo mwanamke aliyejua habari za mpaka wa Ireland kuliko mpaka wa shamba lake mwenyewe.

Jina lake Recheli Mahona, mjane wa Zablon, mkulima wa karanga na viazi, Mmoraviani asiyekosa ibada. Alizaliwa Kigwa, nyumba ya pili kutoka relini, na husema usingizi wake ni mwepesi kwa sababu ulilelewa na treni. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu, akipita njia hii hii iliyo nyuma ya nyumba zetu kuelekea Kwihara, ambayo siku hizi ni njia ya baiskeli na mbuzi. Jioni vumbi likitulia, Recheli huitazama kama mtu anayesubiri mgeni. Nami nimewahi kujikuta nikiitazama hivyo hivyo, bila kujua namsubiri nani.

Mtoto wake wa pekee, Levina, ni muuguzi. Mwaka 2015 alikwenda Ireland, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee katika mji mdogo ulio kusini mwa mpaka. Novemba 2018 alipiga simu kusema amepata mchumba, seremala aitwaye Fergal. Harusi ingefungwa Agosti, katika kanisa la kijijini kwao Fergal. Kijiji hicho kiko kilomita tisa tu kutoka anapoishi Levina, ila kiko ng'ambo, upande wa kaskazini ulio chini ya Uingereza.

Hapo ndipo Recheli alipoanza kufuatilia redio. Waingereza walikuwa mbioni kujitoa Umoja wa Ulaya, na kila siku habari ilikuwa hiyo: wakiondoka bila makubaliano, na kusini ikibaki ndani, huenda mageti yakarudi kwenye mpaka ule.

“Shikamoo, Mama Levina,” nilimsalimu jioni moja nikitoka shuleni.

“Marahaba, mwalimu. Wamekubaliana?”

“Bado. Bunge limeukataa mkataba.”

“Tena?”

“Tena.”

“Wangekuwa ukoo wetu hawa, kikao kingeshavunjika kwa ngumi siku ya kwanza.”

Mimi ndiye niliyemweleza. Nilimwambia mpaka wenyewe sasa hivi hauonekani, hakuna geti wala askari, watu wanapita tu, na wanachotafuta wakubwa ni namna ya kuuacha hivyo. Alifurahi sana kusikia hivyo. Jumapili moja alisimama kwenye ushirika wa akina mama akaomba mpaka wa Ireland uombewe. Wakauombea. Baadaye Mama Ezekia alimvuta kando akauliza huyo Ireland ni ndugu wa upande gani, wa Kigwa au wa marehemu Zablon.

Mvua za mwaka ule zilichelewa kuisha. Alasiri nyingi nilimkuta barazani, ungo wa uyoga mapajani, redio ikinong'ona, macho yakiwa mbali. Aliniambia ameshaiona harusi mara nyingi: kengele, majani mabichi, Levina akishuka kilima kisicho na mwisho, na huko chini watu wasio na sura wakimpungia mikono.

Mwisho wa Machi, siku waliyopaswa kuondoka, Waingereza hawakuondoka. Walikuwa wameongezewa muda. Recheli alimpigia mwanawe mbele yangu, spika ikiwa wazi.

“Wameahirisha! Njia iko wazi, mwanangu. Utapita.”

Tulisikia Levina akifunga mlango huko aliko.

“Mama,” Levina akasema, “mimi sijawahi kupita.”

Alieleza polepole. Mpaka usioonekana ni wa wenye pasi za kule. Yeye ana pasi ya Tanzania na kibali cha kusini, na kuvuka zile kilomita tisa anahitaji viza ya Uingereza. Wenzake kazini wakienda madukani ng'ambo, yeye husema amechoka. Fergal mwenyewe alikuwa hajui. Tangu ujana wake mpaka umeshafutika. Angeweza kuomba viza, lakini pasi ingekaa huko wiki nyingi, na aliogopa wakimkataa, kibali alicho nacho pia kitatiliwa shaka.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulikuwa unaomba kwa furaha, mama.”

Recheli akazima redio. Nilitaka kumwomba radhi, kwa kuwa maneno ya “watu wanapita tu” yalitoka kinywani mwangu. Nilibaki nikimsaidia kuchambua uyoga.

Kesho yake alikuwa ameamua. Harusi ihamie kusini. Fergal hakuwa na neno, ila alikuwapo mama yake, Noreen, mwenye miaka sabini na minane, ambaye alisema hataonekana kwenye harusi ya kusini, iwe ya nani. Na bila mama yake Fergal hataki kuoa. Ndivyo mazungumzo yalivyoanza, mama kwa mama, Levina akiwa katikati akitafsiri.

“Mwambie kwetu upande wa mwanamume ndio unaokwenda kwa mwanamke. Bibi harusi hatangulii kujipeleka.”

“Anasema kwao bibi harusi huenda kanisani, na kanisa liko kwake.”

“Mwambie ana shingo ngumu.”

“Mama, hilo siwezi kulitafsiri.”

“Tafsiri.”

Kikasikika kicheko cha kikongwe kutoka mbali. “Anasema amesikia mama wa Kiafrika ni wapole,” Levina akasema. “Anauliza wewe ulitokea wapi.”

“Kigwa! Mwambie Kigwa.”

Wiki iliyofuata Recheli hakubishana. Aliuliza tu: “Muulize anaogopa nini.”

Jibu lilichukua muda, Levina akitafsiri kwa kusitasita. Mwaka 1984 Noreen alikuwa anarudi nyumbani kwa gari na Fergal akiwa mchanga. Kwenye kizuizi cha mpakani askari walimshusha. Alisimamishwa kwenye mvua zaidi ya saa moja, mtoto mikononi, huku wakifungua hata nepi. Walipomruhusu kuondoka aliapa hatavuka mstari ule tena. Kizuizi kilishabomolewa zamani, nyasi zimeota hapo. Yeye bado hajavuka.

Nilidhani Recheli angesema tunasamehe, au mambo ya kale yamepita. Akasema:

“Mwambie pole. Mwambie babu yangu naye walikuwa wakimsimamisha Ugogo, siku tatu, siku nne, mzigo kichwani, mpaka ushuru wa njia ulipwe. Mama yangu alikuwa akinisimulia kwa hasira, na yeye hata hakuwapo.” Akasogeza simu karibu na mdomo. “Sitamwomba tena avuke. Mwambie na mimi nina mtu ambaye hawezi kuvuka, huyu anayetutafsiria.”

Siku kumi hakuna simu. Ya kumi na moja Noreen mwenyewe alimpigia Levina. Angekuja. Ila hatavushwa ndani ya gari kama mzigo. Atavuka kwa miguu yake.

Agosti ilipofika Waingereza walikuwa bado wanabishana. Uani kwa Recheli michembe, vile vipande vya viazi vya kukausha, ilikuwa imeanikwa kila mahali, myeupe, kama theluji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Tulikaa kwenye mkeka, simu imeegemezwa kwenye kinu, Fergal akituonyesha picha ya moja kwa moja: kijito, daraja dogo la mawe, na ng'ombe wakitazama. Mwisho wa daraja, upande wa kusini, Levina alisimama ndani ya gauni jeupe, mwisho kabisa wa pale anapoweza kufika.

Noreen alishuka garini, mdogo, koti la buluu, bila mwavuli. Akatembea mpaka katikati ya daraja. Hapo akasimama.

Alitazama kando ya barabara, mahali penye nyasi, akatazama sana. Upepo ukamvuruga nywele. Dakika moja, pengine tatu. Levina alifunika mdomo kwa mkono.

Nilipogeuka, Recheli hakuwa kwenye mkeka. Alikuwa amechukua simu, anatembea polepole kati ya michembe yake, macho kwenye kioo, akipita jiko, akipita banda la kuku, akitokea kwenye njia ya nyuma, hatua kwa hatua, kama anayemshika mtu mkono.

“Haya,” akasema kwa Kinyamwezi, taratibu, “twende wote.”

Na kule darajani bibi yule akainua mguu.