Mahari Niliyoitoa Mlimani Lubaga

Usiniamini haraka. Hata mimi niliyepatwa na jambo hili, kuna siku nalitilia shaka. Lakini lilitokea, na sitatia chumvi.

Nauza vitenge Mengo, hapa Kampala. Mimi ni mtu wa Bukavu, na Neema, mchumba wangu, pia. Mwaka jana tulijiandikisha kwa mbio ndefu za mwezi wa kumi na moja, zile za kupanda na kushuka vilima vya Kampala. Baada ya mbio ningekwenda kwa wajomba zake kutoa mahari. Kwa mapafu Neema alinizidi. Tukipanda alikuwa akinigeukia na kucheka, "We mzee, nikusukume?"

Asubuhi moja alikuwa na homa, nikapanda kilima cha Lubaga peke yangu. Jua lilikuwa halijatoka. Njia ya kando ya barabara ilikuwa nyembamba, huku ukuta, huku mtaro. Nyuma yangu mwanamke akaniita bwana kwa Kiganda, kwa upole, "Ssebo, nipe mahari."

Sasa nielewe. Hapa Kampala wengi huchanganya L na R. Mteja huniomba kitambaa "kilefu", nami humpimia kirefu bila kumcheka. Kwa hiyo nilijua huyu anaomba mahali pa kupita. Nikajibana ukutani, nikajibu kwa heshima, nikimwita bibi, "Nakupa, nnyabo. Chukua pote."

Nilisema "pote", sikusema "yote". Kama kuna anayehukumu mambo haya, naomba alizingatie hilo.

"Asante kunipa," akasema. Lakini hakupita. Akakimbia sambamba nami, upande wa mtaro. Alikanyaga wapi? Sijui. Sikuitazama miguu yake, basi siwezi kuapa kwamba hakuwa nayo. Wengine wangeapa.

Ninachoweza kuapia ni pumzi. Mtu akipanda kilima karibu nawe, unamsikia akihema. Huyu hakuhema. Na kila aliposema neno, kifua changu kilibaki kitupu. "Kwenu wapi?" Nikakosa hewa. "Ndugu zako wanajua?" Nikakosa tena. Niamini, alikuwa akitumia pumzi yangu.

Karibu na kanisa kuu akasema, "Umenipa mwenyewe, sikukulazimisha." Nikaanguka magoti. Nilipoinua kichwa, hayupo. Mzee mmoja alikuwa akifagia mbele ya duka lake. Nikamuuliza yule mwanamke ameelekea wapi.

"Mwanamke gani?" akasema. "Nimekuona wewe tu, unakuja unajisemesha kwa sauti ya kike. Nikasema, mazoezi yamemshinda huyu!"

Labda alitania. Sikumfahamu, siwezi kumsingizia.

Mbio tulikimbia. Nilimaliza, ila vilima vyote nilitembea. Neema akaniuliza, "Mbona unakaa mbali nami? Katikati hapo umemwekea nani?" Sikujua kwamba nimeacha nafasi.

Kisha siku ya wajomba ikafika. Sebule ilijaa, soda zimefunguliwa. Mjomba mkubwa akauliza kwa furaha, "Haya kijana, umetuletea nini?" Swali hilo jibu lake ni moja, hata mtoto analijua. Nikafungua mdomo. Hewa haikuja. Nikajaribu tena, na mbele ya watu wote sauti ya mwanamke ikatoka kinywani mwangu, kwa upole:

"Ameshatoa."

Wazee hawakunitukana, lazima niseme hivyo. Mjomba alisema tu kijana atibiwe kwanza, mengine baadaye. Nimeombewa, nimepimwa kifua. Daktari anasema mapafu ni mazima, na huenda ni kweli. Neema amerudi Bukavu. Simlaumu. Ana haki ya kutaka mume mwenye sauti moja.

Nawe unayekimbia vilimani kabla ya jua, sikiliza. Mtu akikuomba kitu, usimsahihishe kichwani mwako kwa uungwana kama nilivyofanya. Mwambie arudie. Akirudia neno lile lile, usimjibu, geuka uteremke.

Haya nimeyaandika, sikuyasimulia. Nadhani unaelewa kwa nini.