Sikio la Kulia la Mama

Mama alitaka mke wangu arudishwe kwao Nkoma kwa kosa la kutosalimia. Kila asubuhi, alisema, yule binti anakuja, anapiga magoti mbele yake, ananyamaza, kisha anainuka na kwenda zake. "Dharau gani hii ya kupigiwa magoti?" Mimi salamu zile nilizisikia nikiwa chumbani, kwa sauti ndogo ya heshima aliyofundishwa kwao. Nilipomwambia Mama huenda masikio ndiyo tatizo, alijibu kwamba sauti za mbuzi wake anazisikia vizuri tu.

Ndipo mhudumu wa afya akaja kwetu Sapiwi na simu yenye kamera kwenye waya mwembamba. Alitueleza kwa sauti kubwa kuwa simu hiyo imefundishwa kwa picha nyingi za masikio, hivyo ikiona sikio inataja ugonjwa. Mama alidaka neno moja tu, picha. Akaingia ndani, akatoka na kitenge cha kanisani, hereni, na masikio yote mawili kayajaza samli. Kwetu hakuna anayepigwa picha amepauka.

Simu iliona mng'ao mtupu, ikaandika: picha haifai, rudia. Tukafuta. Haifai, rudia. Nilipandwa na hasira, nikamuuliza mhudumu kama mashine yake iliwahi kuonyeshwa masikio ya wafugaji. Yeye alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mabegi ya mke wangu yalikuwa mlangoni tayari.

Sikio la kushoto lilikufa zamani, hilo tunalijua. La kulia lilipokauka, simu ikaandika kuna kitu ndani, ikakisia ni mdudu. Mama akataka simu iseme ni mdudu wa nani, maana alimshuku jirani mmoja kwa uchawi. Nikachungulia kioo cha simu. Kilikuwa kitu cha kahawia chenye manyoya meupe, na mimi nimevuna pamba tangu utotoni. Ilikuwa mbegu. Wakati wa mavuno sikio lilimuuma, akatia samli, akaliziba kwa pamba ya shambani ambayo haijachambuliwa. Pamba aliitoa, mbegu ikabaki.

Daktari wa mjini Bariadi aliitoa kwa koleo jembamba. Njia nzima ya kurudi Mama alilalamika, pikipiki zimeanza lini kupiga kelele hivi.

Kesho yake asubuhi mke wangu akapiga magoti, akamsalimia Mama kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

Mama akamgeuzia sikio la kulia. "Kumbe ulikuwa unasema?"

"Kila siku, mayu."

Mama akavuta kigoda, akakaa sawasawa. "Basi salamu zote nilizokosa nazitaka leo."

"Nawe uitikie zote, mayu."

Wakaanza. Mmoja anasalimia, mwingine anaitikia, wanarudia tena. Chai ilipoa, ng'ombe wakalia zizini wakitaka kutoka. Mimi nikabeba mabegi kuyarudisha chumbani, machozi yananitoka, na nyuma yangu bado wanasalimiana.