Jina Kwenye Bango

Noreen Halloran ndiye aliyenifundisha kupokea simu, kupika kahawa isiyotia ofisi aibu, na kutomlilia mwanamume yeyote kazini. Hapa Cleveland ofisi yetu huyatafutia maduka na maghala wapangaji. Miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyepima vyumba, akakagua mabomba, akaandaa mikataba. Lakini mbele ya kila jengo husimama bango lenye jina la dalali mmoja, na mteja akipiga simu, dalali atakayemtaja ndiye anayempata mteja huyo. Mabango yote yalikuwa na jina la Gordon, dalali ambaye ukimwuliza mtambo wa kupasha jengo joto uko wapi anatazama dari.

Januari hii Bi Stavroula, mjane wa miaka themanini na mbili, alitaka kupangisha jengo la duka la mikate aliloachiwa na mumewe. Gordon alikwenda kavaa tai mpya. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza yuko wapi yule mama aliyekuja kufunga maji mwaka ule mabomba yalipopasuka kwa baridi. Jengo akampa Noreen. Mkurugenzi wetu naye akatoa neno lake: Noreen akipata mpangaji kwa jina lake mwenyewe, atakuwa dalali kamili. Akikosa, atarudi kwenye makaratasi ya Gordon.

Sasa tazama alichofanya. Fomu ya kuagizia mabango huijaza yeye, na mkono ulishazoea. Akaandika Gordon. Hakugundua mpaka bango liliposimikwa barabarani.

Nilimkuta ndani ya gari lake, mikono kwenye usukani.

"Miaka yote nawalaumu akina Gordon kwa kunifuta," akaniambia. "Kumbe na mimi nimejifuta."

Nilitaka kumgombeza, lakini nilimpenda mno siku ile, nikaishia kumshika bega. Bango jipya lingechukua wiki mbili. Gordon alikuwa ameshaniagiza kwamba simu zote za jengo lile ni zake, ndiyo desturi yetu. Nikampigia Bi Stavroula kumwomba radhi kwa jina lililokosewa kwenye bango. Akaniuliza kama nimekula, akakata simu.

Kesho yake asubuhi simu ikalia, Gordon kasimama mezani pangu kama paka jikoni. Ni mwanamke, anatafuta pa kufungulia karakana ya baiskeli.

"Naomba kuongea na Noreen," akasema.

Gordon alisikia. Akadai mteja amekosea, jina kwenye bango ni lake. Basi nikamwuliza yule dada jina la Noreen kaliona wapi.

"Kwenye bango, dada. Kuna bibi yuko juu ya ngazi, analiandika kwa rangi ya dukani kwake. Mimi ndiye ninayemshikia ngazi."

Nikampa Noreen simu. Alisikiliza, machozi yakimtoka wala hakuyafuta.

"Mwambie bibi ashuke taratibu," akasema. "Noreen anakuja."