Baba Alipokuja Kukaa Nasi Bondeni

Baba alikuja kukaa nasi Bondeni, mtaa wetu wa Nakuru, mwezi wa sita, wiki tatu baada ya kumzika mama. Ndugu yangu alimleta kutoka shambani Rongai kwa pikapu ya jirani, na mizigo yake ilikuwa michache: sanduku la bati, koti la mvua, redio, na kile kistuli kifupi alichokalia akikamua ng'ombe. Nilimwuliza kistuli ni cha nini na sisi hatuna hata kuku. Akakiweka karibu na mlango, akakikalia, akasema, "Ni cha kuketi."

Wakati huo nilikuwa mgonjwa, na karibu hakuna aliyejua.

Nilikuwa fundi wa nguo katika duka moja mjini Nakuru linaloshona yunifomu za shule, kazi niliyoianza nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa na mwendo. Wenzangu walisema mashine yangu haipumziki, na mwenye duka, ambaye sote tulimwita madam, alikuwa akinipa mimi sketi za marinda kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuyapanga sawasawa kwa haraka. Halafu asubuhi moja niliamka nikakuta vidole vimevimba kwenye maungio na havikunjiki. Nikadhani ni baridi. Nikavichua kwa dawa ya mgongo, nikaenda kazini. Baada ya miezi michache magoti nayo yakaanza, na daktari akaniambia ni baridi yabisi, ile aina ambayo mwili unajipiga wenyewe. Haitaisha, akasema, ila inaweza kutulizwa. Nikapewa vidonge vya kumeza kila Jumapili, na siku za kwenda kupimwa damu.

"Na upunguze mawazo," akaniambia.

Ningeyapeleka wapi?

Mume wangu alijua, lakini yeye alikuwa fundi wa malori Mai Mahiu, na nyumbani tulimwona Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi. Binti yetu, aliyekuwa darasa la saba, alijua nusu; nilimwambia mama anaumwa mikono kidogo. Kazini sikumwambia mtu. Nilijifunza kushika mkasi kwa kiganja badala ya vidole, kufika mapema ili mwili uchangamke kabla wengine hawajaingia, na kucheka mtu akiniuliza mbona leo nimechelewa kuweka uzi kwenye sindano.

Kwa hiyo baba alipokuja, sitaficha, niliona ni mzigo umeongezwa juu ya mwingine. Nyumba zetu za kupanga kutoka kwa kaunti ni vyumba viwili na uwanja wa kushiriki na majirani. Baba alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri maisha yake yote, na hakuona sababu ya kubadilisha kwa kuwa ng'ombe walishauzwa. Alifungua redio. Alikohoa. Alichukua ufagio akafagia uwanja, akimaliza kwetu anaendelea hadi milangoni kwa watu, mpaka mama mmoja wa jirani akaniambia, "Mwambie mzee asante, lakini hiyo mchanga anatumwagia ndani." Mchana, nikiwa kazini, alitembea mpaka sokoni akirudi na mfuko wa majani ya mahindi ambayo hakuna mnyama wa kuyala. Nilipomwuliza, alisema yalikuwa mazuri sana, yangeoza bure.

Siku moja nilimfokea. Alikuwa amejaribu kutupikia uji ukaungua, na sufuria ilinibidi niisugue kwa mikono ambayo haikuweza kusugua. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, akavaa koti lake la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, akaenda kukaa nje. Wiki hiyo vidole vilivimba kuliko wakati wowote. Daktari alivitazama akaniuliza, "Nyumbani kuna nini?"

"Baba yangu amekuja," nikasema, na nilipojisikia nikisema vile niliona haya.

Mwezi wa saba Nakuru huwa baridi inayopenya hadi mifupani. Asubuhi moja sweta yangu ya kuvuta kichwani ilikuwa haijakauka, ikabidi nivae blauzi ya vifungo. Binti alikuwa ameshatoka kwenda shule. Nilijaribu kifungo cha kwanza, kikaponyoka. Nikajaribu tena. Nadhani nilijaribu mara kumi, halafu nikakaa kitandani na blauzi wazi juu ya shimizi, nikaanza kulia kama mtoto.

Baba alisimama nyuma ya pazia. Aliniita mama, kama alivyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la mamake.

"Mama, unalia nini?"

"Silii, baba."

"Kuja hapa."

Nilitoka nimeishika blauzi kifuani. Alianza kifungo cha chini, akapanda taratibu mpaka kwenye kola, kama mtu anayemvalisha mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Alipomaliza aliushika mkono wangu, akaugeuza.

"Hii mkono imefanya nini?"

"Ni ugonjwa, baba. Miaka miwili sasa."

"Mamako alijua?"

"Hapana."

"Alikuwa anashangaa," akasema. "Zamani ulikuwa unamshonea. Halafu ukaanza kumletea nguo za kununua. Alisema labda umekuwa mtu wa mji."

Mpaka leo neno hilo likinijia huwa naacha ninachofanya. Mama alikwenda akidhani nilichoka kumshonea.

Baba naye, sijui kama aliona limenichoma, alianza kunieleza habari za ujana wake, alipokuwa mkamuaji kwenye shamba ambalo wakati huo lilikuwa bado la mzungu. Walikuwa vijana kumi, na baridi ya kule ilishika vidole hata mtu hawezi kufunga ngumi. "Tulikuwa tunaweka ndoo ya maji moto hapo mlangoni kwa zizi," akasema. "Kwanza mikono, halafu ng'ombe. Ng'ombe akiguswa na mkono baridi anafunga maziwa."

Kesho yake nilipoamka, beseni lilikuwa mezani likitoa mvuke. Alikuwa amewasha jiko la makaa uwanjani na kuchemsha maji, akayapoza kwa ya baridi, akayapima kwa kiwiko. "Ingiza," akasema. Nikaingiza mikono. Yeye alikaa kwenye kistuli chake, akavishika vidole vyangu kimoja kimoja ndani ya maji, akivivuta polepole kutoka kwenye shina hadi ukucha. Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba alikuwa ananikamua.

Tulifanya hivyo kila asubuhi kwa zaidi ya miaka miwili. Maji hayakuniponya. Vidonge vya Jumapili viliendelea, na kulikuwa na asubuhi ambazo hata beseni halikusaidia, nikapiga simu kazini nikidanganya kwamba ni homa. Lakini nikiukumbuka wakati ule sasa, sikumbuki kwanza maumivu. Nakumbuka harufu ya makaa na ya chai ya maziwa inayokaribia kufurika, redio ikisoma matangazo ya vifo kwa sauti ya chini, na baba akinisimulia ng'ombe mmoja mmoja aliowahi kukamua: yule aliyependa kuimbiwa, yule aliyepiga teke mwenye shamba. Nami nikamweleza watu wa kazini kwangu, mpaka akawajua kama amewahi kuketi nao. Tangu niolewe sikuwa nimeongea na baba dakika kumi bila kuulizana habari za mvua.

Msimu wa kufungua shule mwezi wa kwanza, baba akiwa nasi mwaka wa tatu, ndio uliotujaribu. Wazazi walijaa dukani tangu mlango unapofunguliwa, na madam alikuwa akizunguka kati ya mashine akisema, "Hizo sketi, hizo sketi." Alasiri moja nilikuwa nakata kitambaa cha kijani kilichokunjwa mara kadhaa ili sketi nyingi zikatwe pamoja. Mkono ulikufa ganzi katikati. Mkasi uliteleza, ukaingia ndani ya alama ya chaki, na sikujua mpaka nilipofunua. Kila kipande kilikuwa kimeharibika pahali pamoja.

Nilivikunja nikavirudisha mezani. Saa moja baadaye madam alivikuta, na kwa kuwa rafiki yangu, fundi tuliyekaa tukitazamana miaka mingi, ndiye aliyekuwa akikatia kwenye meza ile asubuhi, alimwita mbele ya wateja. "Wewe unakata ukiangalia wapi?" Rafiki yangu alikana. Madam akasema nguo haijikati. Mimi niliinamisha kichwa juu ya mashine, nikashona mshono ambao haukuwa na haja ya kushonwa.

Asubuhi iliyofuata, mikono ikiwa majini, nilimweleza baba. Nilitarajia aniambie nisijali.

"Huyo mwenzako ako na watoto?" akauliza.

"Watatu."

"Na leo ataenda kazi akiwa amebebeshwa kosa la mtu." Aliendelea kukivuta kidole changu cha shahada. "Mama, wewe ukiwa mgonjwa si makosa. Lakini hii ingine ni yako."

Nilifika dukani kabla ya mafundi wengine. Madam alikuwa anahesabu kola. Nilimwambia kitambaa nilikiharibu mimi, halafu nikavua glavu za sufi nilizokuwa nikizivaa njiani, nikamwekea mikono juu ya meza. Sikuwa nimepanga kufanya vile. Alivitazama vile vidole kwa muda mrefu.

"Tangu lini?"

Nilipomwambia, alikasirika kuliko alivyokasirikia kitambaa. "Miaka yote tunakula githeri sahani moja na unanificha? Ungenyofoka kidole kwa mashine ungeniambia nini?" Alizunguka duka lote, akarudi. "Na umeniacha nikamtukana mtu wa watu mbele ya wateja." Hapo ndipo machozi yalipomjia yeye, sio mimi.

Rafiki yangu alipoingia, madam alimwomba radhi mbele yetu sote. Mimi nilimwomba yangu pembeni, karibu na mafurushi ya sweta. Hakunijibu siku hiyo, wala wiki hiyo. Alikuja kuniongelesha siku aliponiona nashindwa kufungua chupa ya maji, akaninyang'anya, akaifungua, akasema, "Wewe mtu mjinga sana." Nikajua yameisha.

Madam alinitoa kwenye mashine. Akaniweka mbele ya duka, niwapime watoto kwa futi, nichore chaki, niwaelekeze mafundi wapya jinsi ya kupanga marinda. Niliruhusiwa kufika saa tatu. Mwanzoni niliuonea wivu mlio wa mashine yangu ikiendeshwa na mtu mwingine, na kuna siku nilijificha stoo nikasikiliza tu. Yule aliyeikalia alikuwa mzito, anashona kidogo anasimama. Nilitamani kumwambia aondoke. Badala yake nilimwonyesha jinsi ya kuvuta kitambaa kwa nyuma.

Nyumbani nako kulibadilika. Kwa mara ya kwanza nilimpigia ndugu yangu simu nikamweleza ninaumwa nini, na kwamba kumtunza baba si kazi yangu peke yangu kwa sababu tu mimi ni binti na nakaa karibu na hospitali. Alikuja Jumapili moja, mume wangu akiwepo, tukaanza kubishana: miezi mingapi kwako, miezi mingapi kwangu. Baba alikuwa anakata kucha. Akasema bila kuinua macho, "Mimi si shamba mnigawe." Halafu akasema ataenda mwenyewe, akisikia Rongai kuna ng'ombe wa kukamua.

Ndugu yangu alimnunulia mtamba mwenye mimba. Mtamba alipozaa, kabla mvua za masika hazijaanza, baba alifunga sanduku lake. Alimfundisha binti yangu kupima maji kwa kiwiko, akapanda gari akiwa na kistuli mapajani. Kila asubuhi baada ya hapo alinipigia simu, nami nikisikia ng'ombe akitafuna upande ule.

Alifariki miaka miwili baadaye, wakati wa kuvuna mahindi, baada ya siku tatu tu za kuugua kifua. Kwenye mazishi nilishikwa na maumivu hata nikashindwa kusimama kaburini. Ndugu yangu alinishika mkono wa kushoto na mume wangu wa kulia, nikatupa udongo nikiwa nimeinuliwa.

Vidole vyangu sasa vimepinda kidogo kuelekea upande, na dawa zimebadilishwa mara mbili. Bado napima watoto. Mwezi uliopita ndugu yangu alitoka Rongai akaja kunisindikiza kliniki, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alikaa kwenye benchi na kofia mkononi, na tulipoitwa akaingia nami, akamwuliza daktari maswali mengi mpaka daktari akamwuliza kama ni yeye mgonjwa. "Hapana," akasema, "lakini nataka kujua." Tulitoka tukacheka hadi barabarani. Halafu akaninunulia chai na mandazi mawili katika kibanda nje ya geti, akanishikia kikombe mpaka kikapoa.