Mfungo wa Abigael na Pikipiki ya Mkwe

Abigael, mke wa Nyakundi, ni mtu wa kupenda kushinda. Tukichuma majani chai, kikapu chake lazima kitangulie kujaa. Kanisani ikitangazwa wiki ya kufunga na kuomba, sisi wengine tunajikaza hadi saa sita. Yeye hufunga siku tatu mfululizo, kutoka asubuhi hadi jioni, na bado anawapikia watu wanane bila kuonja hata mboga. Amewaongoza akina mama wa kanisa letu miaka kumi na minne, na sifa hiyo anaipenda, hata akikana.

Mwaka jana akapatikana na ugonjwa wa sukari. Nesi alimwambia waziwazi, mbele yangu, kwamba vidonge na chakula huenda pamoja, asikae na njaa hata kidogo. Abigael akaitikia vizuri, kisha tulipotoka nje akanionya nisimwambie mtu. Nilikasirika, lakini nikanyamaza. Hapo nilikosea.

Wiki ya maombi ilipofika, mwezi wa saba, alimeza vidonge vyake kwa maji matupu na kwenda shambani kama kawaida. Siku ya pili, saa nane hivi, tulikuwa uani kwake tukichambua mboga nilipoona jasho linamtoka, na baridi ilivyokuwa kali! Mikono ilimtetemeka. Akaniita kwa jina la dada yake. Niliogopa sana. Nyakundi alikuwa amepeleka majani chai kwenye kituo cha kuuzia, watoto wako shuleni.

Aliyetokea ni Mose, mume wa binti yake Ruth, kutoka Tabaka, na pikipiki yake na ndizi mbivu alizotumwa na mkewe. Nikamweleza upesi. Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe wake hawapeani hata mkono. Mose alisimama mbali, akaangalia chini kwa heshima, akasema:

“Mama, iko mambo mbili tu. Ukule hii ndizi, ama upande nyuma yangu, unishike kiuno, nikupeleke hospitali. Na tutapitia Kebirigo. Leo ni siku ya soko.”

Abigael akakodoa macho. “Nikushike nini?”

“Kiuno, mama. Barabara iko na mashimo.”

“Ee Nyasae, Mungu wangu!” Akanigeukia. “Tryphosa, leta hiyo ndizi!”

Alikula tatu, akanywa chai niliyoijaza sukari, mgongo ameugeuza ili mkwe asimwone akitafuna. Baada ya muda nguvu zilimrudia, na ulimi pia. Akamkemea Mose kwa kukosa adabu. Mose alicheka mpaka akaketi chini. Jioni hiyo Nyakundi alimpeleka kliniki mwenyewe.

Sabato ilipofika nilidhani atajificha. Wapi! Alisimama mbele ya akina mama akaeleza yote, hata habari ya kiuno. Tulicheka mpaka machozi. Kisha akauliza, bila mzaha:

“Nani mwingine anameza dawa kila siku, na wiki hii amefunga?”

Mkono mmoja ukainuka, na wa pili, hadi sita. Abigael akaihesabu polepole, akafurahi kwamba hayuko peke yake, kisha akanitazama mimi, rafiki yake wa miaka yote, ninayemeza vidonge vya presha kwa siri mwaka wa tano sasa.

Nikainua wa saba.