Mkokoteni wa Rehema

Harufu ya vumbi linaloungua nyuma ya kompyuta kuukuu ikinijia, namkumbuka Bosi Hamza, na nikimkumbuka nasonya. Mnisamehe, ndugu zangu. Mtu yule sijawahi kumheshimu, hata utotoni nilipokuwa nikimwamkia shikamoo kila nikipita mlangoni kwake.

Duka lake lilikuwa Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Kongo. Bidhaa za nje zilikuwa zimefunguliwa milango, kila mtu anauza chochote, naye akaacha vitenge akajaza chumba kompyuta za mitumba. Kila moja aliivalisha kitambaa cha kufuma, kama mama zetu walivyozivalisha redio. Alichojua juu ya mashine hizo ni kuziwasha, kuzizima na kutufukuza sisi watoto.

Dada yangu Rehema alikuwa amesomea kupiga chapa. Alimchapia Hamza barua za wateja, na wateja wakipungua aliruhusiwa kuitumia mashine. Siku moja mwanafunzi wa chuo akamwachia sidii yenye gemu za bure. Hizo waliozitengeneza walikuruhusu kuzinakili, kuzigawa, na hata kufungua maandishi yanayoziendesha ukayabadilisha utakavyo.

Hamza alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Cha bure hicho, lazima kina kasoro. Nani mwenye akili akupe kitu chake hivihivi?"

Rehema alichagua gemu ya kigari kinachookota matunda na kukwepa mashimo, akaifungua, akahangaika nayo. Mara ngapi aliiharibu hata isiwake, akaanza upya! Mwishowe kigari kikawa mkokoteni, matunda yakawa magunia, barabara ikawa Msimbazi siku ya mvua. Ukitumbukia shimoni, kioo kiliandika: "Nenda nyumbani, mama anakuita." Watoto wa Kihindi wa ghorofani walishuka kuicheza, wa Magomeni wakaja kwa miguu, na kila aliyekuja na diski ya flopi Rehema alimnakilia.

Hapo ndipo Hamza alipozinduka. Akaita fundi, akaandikiwa mwanzoni mwa gemu kwamba ni kazi ya Hamza na ni marufuku kuinakili, sehemu ya ndani ikafungwa kwa neno la siri. Rehema alipolalamika, akafukuzwa.

"Unagawa mali ya duka," Hamza alimwambia, bila hata haya.

Mashine nyingine hatukuwa nayo. Nilimwona dada akisimama ng'ambo ya barabara, anasikiliza mlio wa mkokoteni wake kutoka dukani, haingii. Nilimchukia Hamza kwa roho yangu yote.

Haukupita muda, virusi vikazila mashine zake zote na fundi akashindwa. Akaja kwetu anatokwa jasho, akakaa kwenye mkeka wa mama.

"Rehema mwanangu, ile gemu... una kopi?"

"Hana," nikadakia.

Rehema akaingia ndani, akatoka na flopi. "Iko nzima, na maandishi yake ya ndani yote. Ila bosi, usiifunge tena."

"Haya," akasema, akaondoka bila asante. Kesho yake akaifunga, wala hakumrudisha Rehema kazini.

Nililia kwa hasira. "Umempa ya nini mtu kama yule?"

"Na mimi nilipewa," akasema.

Nilimwona mjinga. Miaka mingi baadaye, nilipoyasoma mwenyewe masharti ya gemu zile, ndipo nikaelewa kuwa ruhusa ile haikubagua mtu. Hata Hamza alikuwa na haki ya kuichukua na kuiuza. Alichokatazwa ni kuwafungia wenzake mlango alioingilia yeye. Kumdharau sijaacha, lakini sasa najua namdharau kwa lipi.

Duka lilikufa zamani. Juzi nimemkuta mpwa wangu anacheza kwenye simu, mkokoteni ukazama, nikasoma: "Nenda nyumbani, mama anakuita." Nikatafuta jina la Hamza, halipo. Nikatafuta la Rehema, nalo halipo. Nikampigia simu dada, nimepandwa na hasira upya, nikamweleza.

Akauliza, "Ndani inafunguka?"

Nikaangalia. "Inafunguka."

"Basi," akasema.